Mnara wa Shemeji Tayari

Shemeji yangu alilala na buti miguuni kwa miaka thelathini na moja, na hakuwa mlevi. Alikuwa mzimamoto. Alilala nazo ili moto ukiita usimkute anatafuta ya kushoto. Kila asubuhi mkuu wa kituo alipoita majina, yeye aliitika "Tayari!" kabla jina lake halijafikiwa, na siku nyingine kabla mkuu mwenyewe hajaamka. Basi jina lake la kuzaliwa likafa kimyakimya, tukabaki na Tayari. Hata mama yake mzazi, aliyelichagua lile jina la kwanza kwa mashauriano ya wiki nzima, alifariki akimwita Tayari.

Ni mdogo wake marehemu mume wangu. Niliolewa katika nyumba yao yeye bado anafungwa vifungo vya shati na dada yake, kwa hiyo nina haki zote za kumtania, naye ana haki zote za kunijibu, na kwa miaka yote hii hakuna aliyemdhulumu mwenzake. Hakuoa. Alisema mke angemchelewesha dakika mbili.

"Dakika mbili, shemeji, ni nyumba nzima," aliniambia.

"Na hizo dakika mbili ulizookoa umezifanyia nini?"

Akaenda kung'arisha kengele.

Msije mkadhani mji wetu ulikuwa unaungua kila siku. Ni mji mdogo, una barabara moja ya lami na nyingine ya ahadi. Katika miaka thelathini na moja moto wa maana ulitokea mara nne, na mmoja kati ya hiyo minne ulikuwa godoro lake mwenyewe, aliloliunguza kwa pasi. Lakini ule wa kiwanda cha mikate niliuona kwa macho yangu. Kengele ilipigwa, gari likatoka, Tayari ananing'inia nyuma, likaenda kwa kasi mpaka likafika kabla ya moto. Ndiyo. Walimkuta mwoka mikate anakanda unga, hana habari. Wakakaa kwenye benchi, wakapewa chai, wakaungoja. Moto ulipotokea ukaona watu wamepanga foleni wanautazama, ukaona haya, ukazimika wenyewe. Ukibisha kamuulize Tayari, ila usimwamini, maana yeye husema walikunywa kikombe kimoja kimoja na mimi nilihesabu viwili viwili.

Kituo chenyewe kilijengwa na watu waliopenda matofali kuliko usingizi. Kuta zake ni nene hata mjusi akianza kutoboa upande huu, anayetokea upande wa pili ni mjukuu wake. Chini ni ukumbi wa gari, wenye milango miwili mikubwa ya mbao, myekundu. Juu ni chumba kirefu cha vitanda sita vya chuma, na katikati ya sakafu kuna tundu lenye nguzo ya shaba ya kuteremkia. Nyuma ndiyo mnara.

Wengi walidhani mnara ule ni wa kuchungulia moto. Siyo. Zamani mipira ya maji ya zimamoto ilikuwa ya turubai, mirefu kama hotuba ya mgombea, na ukiikunja mibichi inaoza. Ilibidi ining'inizwe wima, urefu wake wote, mpaka ikauke. Kwa hiyo ndani mnara ni mtupu kuanzia chini hadi juu: ngazi ya chuma ukutani, kapi na kamba yake huko juu kabisa, na matundu ya hewa chini na juu. Upepo unaingia kwa chini taratibu, kama mgeni anayepiga hodi, halafu ukiuona ule urefu unapandwa na wazimu na kupaa mbio. Mpira uliolowa asubuhi ulikuwa mkavu kabla watu hawajala chakula cha mchana.

Halafu ukaja wakati wa maendeleo. Kikajengwa kituo kipya kule kwenye barabara kuu, chenye gari jipya na mipira ya plastiki isiyojali maji. Gari la zamani likavutwa kwa mnyororo, wenzake wakahamia kule, na Tayari, ambaye umri wake ulikuwa umetimia, akastaafishwa siku hiyohiyo. Aliambiwa akae na funguo za kituo cha zamani mpaka aje mtu wa kuzipokea. Mtu huyo hakuja mwaka ule wala miaka tisa iliyofuata.

Basi Tayari akaendelea kulala palepale, kitanda cha pili kutoka dirishani. Na kila alfajiri alitandika vitanda vyote sita, pamoja na vile vitano ambavyo hakuna aliyevilalia.

"Kwa nini unavitandika?" nilimuuliza.

"Visivurugike."

"Vitavurugwa na nani?"

"Ndiyo maana umevikuta vizuri, shemeji."

Alipofika miaka sitini na tisa bado alikuwa anateremka kwa nguzo, kwa sababu magoti yake yaligombana na ngazi. Kupanda alipanda kwa dakika kumi huku anazilaani. Kushuka, alikuwa kama senti iliyodondoka.

Sasa nije kwenye kosa langu la kwanza. Mwaka wa tatu tangu kituo kifungwe, mvua ilinyesha siku arobaini na tatu bila kuvuta pumzi. Vyura waliingia nyumbani kwangu, wakatazama, wakatoka wakisema humo ndani maji yamezidi. Shuka zangu zilikaa siku nane kwenye kamba ya sebuleni, na siku ya tisa zikaota uyoga. Nikazifunga furushi, nikaenda kituoni.

"Hodi! Nifungulie mnara."

"Mnara wa kufanyia nini?"

"Nianike."

Tayari akashika kiuno. "Shemeji, huu ni mnara wa serikali, si kamba ya chupi!"

"Nani ametaja chupi? Hizo umezitoa kichwani kwako. Mimi nina shuka."

"Sheria hairuhusu shuka."

"Sheria yenyewe haijatia mguu hapa mwaka wa tatu huu. Fungua, au nazianika kwenye vitanda vyako, vyote sita."

Hapo akafungua. Tulizipandisha kwa kapi, tukanywa chai, na kwa muda wa saa moja na nusu zilikuwa zimekauka mpaka zinalia kama karatasi. Tulipoziteremsha zilisimama zenyewe mlangoni. Sikuzibeba. Nilitangulia mbele, zikanifuata mpaka nyumbani.

Mtu wa kwanza kuziona zinapita alikuwa Mama Pasi, dobi mwenye kibanda mkabala na kituo. Mwanamke yule ana mikono ya kupigia mtu ngumi na roho ya kumuuguza baadaye. Alikuwa na nguo za wateja zilizolowana wiki mbili, na wateja walikuwa wameanza kupita kumtazama kwa jicho baya. Akavuka barabara na beseni kichwani. Baada yake ikaja nyumba ya wageni na mashuka yake, ikaja zahanati na makoti yake. Mpaka mvua inakatika, mji mzima ulikuwa unakaushiwa nguo mnarani na hakuna aliyekuwa anajua lolote, ukiuliza.

Tayari alikubali kwa sharti moja, kwamba kila kitu kifanywe kizimamoto. Alituweka mstari. Alivaa filimbi shingoni. "Shuka mbili, mita tatu! Funga! Kagua! Rudi nyuma hatua moja! Pandisha!" Bila filimbi hata leso haikupanda. Chini alifunga kamba kwa fundo lake la kazini, ambalo ni yeye tu aliyejua kulifungua, na alituonya kwamba mtu akilivuta bila kulijua litaachia vyote kwa mpigo. Nguo za ndani zilipanda zimefichwa kwenye foronya, naye aligeuza uso ukutani akaziita "vifaa maalumu". Kwa miaka sita sijasikia mzee mtu mzima akilitamka neno lenyewe chini ya ule mnara.

Tukakaa hivyo kwa raha zetu mpaka alipokuja Futi.

Futi ni karani wa baraza la mji. Tunamwita hivyo kwa sababu hatembei bila futi ya kupimia, ile ya chuma inayojivuta yenyewe ndani, na hupima kila kinachosimama. Msibani aliwahi kupima kaburi akasema limezidi kwa upana. Siku moja alikuja akapima kituo mbele, nyuma na ubavuni, kisha akachora alama kubwa ya X nyekundu ukutani. Baraza lilitaka kukibomoa liweke maegesho ya malori. Tayari akaisugua X mpaka ikatoka. Futi akaichora upya. Tayari akaisugua. Mara ya nne Futi alikuja na rangi ya mafuta.

"Mzee, nitaichora mpaka ustaafu," alisema.

"Nimeshastaafu," Tayari akamjibu. "Nina muda kukuzidi."

Lakini jioni ile alikuja kwangu, akakaa kwenye kiti bila kuegemea, akasogeza pembeni chai niliyompa. Tayari akiacha chai ujue kuna jambo, maana mtu huyu hunywa chai hata akiwa anapiga mswaki.

"Wakikibomoa, shemeji," alisema, "mimi sina pengine ninapojua kulala."

"Utakuja hapa sebuleni."

"Na kengele?"

"Kengele ya nini?"

"Siwezi kuiacha. Na vile vitanda."

Nikaitazama sebule yangu. Ina makochi mawili, meza moja na picha ya marehemu. Nikamwona Tayari humo ndani saa kumi na moja alfajiri, filimbi mdomoni, ananipanga mstari na kuku wangu. Watu wa mji husema mimi nilipigania jengo la historia. Haki ya Mungu, nilikuwa napigania makochi yangu.

Nikamwendea Mama Pasi, maana yeye amesoma, mimi shule niliiona kwa nje tu nikipita na kuni. Mama Pasi akauliza huku na kule, akapata kwamba kuna idara ya majengo ya kale, ambayo ikilikubali jengo hakuna baraza linaloweza kuligusa hata kwa kucha. Akawaandikia barua. Wakajibu kwamba mkaguzi atakuja Alhamisi asubuhi, wakatuma na karatasi yenye maswali atakayoyajaza. Alinisomea pale kibandani, pasi ya mkaa ikitoa moshi pembeni.

"Swali la kwanza, limejengwa lini. Hilo limeandikwa juu ya mlango. La pili, limebadilishwa umbo? Halijabadilishwa. Ngoja, bibi, hili la saba ndilo lina kesi. Jengo linafanya kazi gani kwa sasa?"

"Na kama halifanyi kazi?"

"Wameandika hapa chini. Jengo lisilo na kazi litarudishwa mikononi mwa baraza."

"Basi tuseme linaanika nguo."

"Wee! Kuanika nguo za watu kwenye jengo la serikali ni kosa. Futi akisikia, mzee Tayari atatoka humo na pingu."

Tayari akaamua litakuwa makumbusho. Alipanga vitu vyake kwenye ukumbi wa gari: kofia ya chuma yenye tundu, shoka lisilo na mpini, koti zito la zimamoto, na picha ya kikosi ambayo yeye haonekani sura kwa sababu mpiga picha alipobofya alikuwa ameshaanza kukimbia. Tulipomaliza kuvitazama vyote, maji ya chai yalikuwa bado hayajachemka. Halafu akatuita wote wenye mabeseni, akapiga filimbi.

"Alhamisi hakuna kuanika. Mnara uwe mtupu kama siku ulipozaliwa. Hata soksi moja. Mmenisikia?"

Tukasema tumesikia. Na kweli tulisikia.

Shida ni kwamba watu wa mji wetu wakisikia mgeni anakuja, wanafua. Ndiyo adabu yao. Walitaka Alhamisi wajipange barabarani wakiwa safi, mkaguzi aone kituo kina watu wake. Kwa hiyo Jumatano asubuhi mji mzima uliingia kwenye beseni. Mwalimu mkuu akafulisha mashati ya wanafunzi, zahanati ikafua makoti, nyumba ya wageni ikavua mapazia. Na Jumatano adhuhuri ikaanza mvua, ile ya kumwagwa kwa ndoo. Ilinyesha mchana kutwa, ikapokea zamu ya usiku, na Alhamisi ilipopambazuka mji mzima ulikuwa msafi, mbichi, na nusu uchi.

Alfajiri nikasikia mlango. Mke wa mwalimu mkuu. "Bibi, mashati tu. Hata hayatachukua nafasi."

Mnakumbuka nilisema nimesikia? Mimi nakumbuka. Lakini ufunguo wa mlango mdogo wa nyuma ya mnara nilikuwa nao, Tayari alinipa mwaka uleule wa uyoga, na yeye wakati huo alikuwa mbele anang'arisha kengele. Nikasema haya, mashati tu. Kabla sijageuka yakafika makoti. Yakafika mapazia. Kila mtu alikuja peke yake, kwa kunong'ona, na kila mtu alikuwa na kamoja tu. Mama Pasi, aliyesoma, aliyenionya kuhusu pingu, alileta mabeseni matatu. Nami nilikuwa na blanketi langu, sasa lilale bichi lenyewe kwa kosa gani? Tulipandisha bila filimbi, midomo imefumbwa, kamba inalia *kwii, kwii*, na mimi naikoholea juu isisikike. Fundo nililifunga kwa kubahatisha, kama nilivyomwona Tayari akilifunga.

Nikazunguka mbele. "Shemeji, nimefagia mnara. Lakini kufuli limekwama, usihangaike nalo."

"Umefagia?" Alinitazama kwa mapenzi mpaka nikajifanya natafuta ufagio. "Mungu akuzidishie, shemeji."

Mkaguzi alifika saa tatu kwa miguu. Gari lake lilizama kwenye ile barabara ya ahadi, akatembea mvuani mwendo uliobaki. Alikuwa mzee mwembamba mwenye miwani, suti yake imeshikamana naye kama ngozi ya pili, maji yanamtoka mikononi mwa koti. Nyuma yake Futi, na mwavuli.

"Kikosi, tayari!" alisema Tayari, akapiga saluti. Kikosi kilikuwa yeye.

Wakaanza. Mkaguzi alipenda milango. Alipenda vitanda, akavipigapiga, akauliza ni watu wangapi wanalala. "Sita," alisema Tayari, "watano wako nje." Alipenda nguzo ya shaba, Tayari akamteremkia hapohapo kwa heshima yake. Kila mkaguzi alipopenda kitu, Futi alikipima kwa hasira. Walipofika kwenye makumbusho, mkaguzi aliinama akaichunguza ile kofia yenye tundu.

"Na hivi ndivyo vyote?" aliuliza.

"Na hilo shoka," alisema Tayari.

"Swali la saba, mheshimiwa," Futi akamnong'oneza, kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili. "Hapa hakuna kazi inayofanyika."

Mkaguzi akainuka. Akasema sasa angependa kuuona mnara.

"Kufuli limekwama, bwana mkaguzi," alisema Tayari kwa masikitiko.

Mkaguzi akalishika kwa vidole viwili. Likafunguka. Lilikuwa halina tatizo lolote maskini.

Sote tukatazama juu. Sijui nielezeje. Kulikuwa na mashati arobaini na moja yamenyoosha mikono, makoti meupe yanazunguka polepole kama malaika waliochoka, mapazia ya maua, mashuka, suruali za kila kimo, blanketi langu, na katikati, foronya tisa za vifaa maalumu zimevimba kwa upepo. Mvua inapiga paa huko nje, na humo ndani nguo zinacheza.

Futi alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Andika, mheshimiwa! Jengo la serikali limegeuzwa kabati! Huyu mzee atoke leo. Leo hii!"

Tayari aliangalia juu, kisha akaniangalia mimi. Nilitamani anitukane. Hakunitukana. Alivuta shati lake likanyooka, akamgeukia mkaguzi.

"Mwenye zamu ni mimi, bwana mkaguzi. Chochote kilichomo mnarani ni kosa langu."

Nimemjua zaidi ya miaka sitini, na sijawahi kumwona mtu mrefu namna ile akiwa mfupi namna ile. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Mwongo huyo! Nguo ni zangu mimi."

Mkaguzi akayatazama mashati ya wanafunzi, makoti ya zahanati, suruali za wanaume wanene na wembamba.

"Zote, mama?"

"Nina familia kubwa."

"Huo ni ushahidi, unateremka sasa hivi!" alisema Futi, na akaliendea fundo.

"Usiguse hilo fundo," alisema Tayari.

"Utaniambia nini, mzee?" Na akavuta.

Mji mzima ukamshukia. Kwanza mashati, halafu makoti, halafu mapazia na vyuma vyake, blanketi langu likaja mwisho likamfunika kama kifuniko cha sufuria. Kisha ikasikika futi ya chuma ikijivuta yenyewe ndani, *zrrrp*, na kichwa cha karani kikatokea, kimevaa kifaa maalumu kimoja cha Mama Pasi, kutoka sikio hadi sikio.

"Hicho ni cha mteja," alisema Mama Pasi haraka.

Mkaguzi alicheka mpaka miwani ikamdondoka kwenye rundo. Akaiokota, akatafuta kitambaa cha kuifutia, akashika shuka lililokuwa karibu. Akafuta. Akasita. Akalishika tena lile shuka kwa mikono miwili, akaliweka shavuni.

"Hili limeanikwa lini?"

"Alfajiri," nikasema. Nilishachoka kudanganya, na ni nadra.

"Alfajiri ya leo? Kwa mvua hii?"

"Lilikuwa linatiririka," alisema Mama Pasi.

Mzee yule akaingia katikati ya mnara, akasimama juu ya nguo za watu, akanyoosha kiganja kwenye tundu la hewa la chini. Kola yake ikaanza kupepea. "Nimeona minara ya mipira kumi na saba katika kazi yangu," alisema, na hakuwa anamwambia mtu. "Mmoja una tangazo la sabuni. Mmoja una njiwa. Mingine imezibwa. Sijawahi kukuta hata mmoja unaopumua." Akamgeukia Tayari. "Suti inachukua muda gani?"

Nikamwona Tayari anarefuka tena, kidogo kidogo, kama mpira unaojaa maji.

"Sufu au pamba?"

"Sufu."

"Saa moja na dakika arobaini. Ikiwa na bitana, ongeza kumi."

Basi makumbusho yetu yakapata kazi. Mkaguzi alivishwa lile koti zito la zimamoto, akakalishwa kwenye benchi miguu mitupu, na suti yake ikapangwa mstari. "Koti moja, suruali moja! Funga! Kagua!" Mkaguzi mwenyewe ndiye aliyeomba apulize filimbi. Tulikunywa chai mpaka birika likaomba radhi. Futi alikaa pembeni na mwavuli wake, anatoa nyuzi za pazia kwenye nywele.

Suti iliposhuka, mkaguzi aliivaa, akajinyoosha, akatoa karatasi yake. Swali la saba akaandika neno moja. Mama Pasi alichungulia begani kwake akanisomea: *Kukausha.*

"Mheshimiwa!" Futi aliruka. "Mnara ulijengwa kukausha mipira! Si nguo!"

"Karatasi inauliza kazi," alisema mkaguzi. "Haiulizi kinachokauka."

Baada ya mwezi na nusu barua ikaja, na muhuri mkubwa kama sahani. Kituo kimelindwa. Hakibomolewi, hakichorwi X. Kitakuwa nyumba ya kukaushia ya mji, wazi kwa wote, na mwangalizi wake ni mzimamoto mstaafu fulani, wakaandika lile jina lake la kuzaliwa, tukauliza ni nani huyo. Watu walipiga vigelegele. Tayari alipiga kengele mpaka gari jipya la kule barabara kuu likaja mbio kuuliza moto uko wapi.

Kisha Mama Pasi akafika ukurasa wa pili, sauti ikashuka. Jengo la umma halilaliwi. Mwangalizi atafika asubuhi na kuondoka jioni. Akitaka kulala humo aiandikie idara barua ya kuomba ruhusa.

Jioni ile alihamia kwangu. Kitanda kimoja tu, nilikataa vingine. Kengele ikabaki kazini, kwa hilo pia tuligombana. Makochi nimeyasogeza yamebanana kama wagonjwa kwenye foleni, na nikitaka kupita kwenda jikoni lazima niombe njia. Saa kumi na moja anaamka, anatandika kitanda chake, halafu anatandika na changu nikiwa bado nimo. Kuku wamejua filimbi. Anaondoka na koti lake, na jioni anarudi kunisimulia nani kaleta nini na kimekauka kwa dakika ngapi, na mimi namkatiza, naye ananikatiza, mpaka chai inapoa.

Mwanzoni aliniuliza kila wiki.

"Shemeji, ile barua ya ruhusa?"

"Inaandikwa."

"Nani anaiandika?"

"Nimemwagiza Mama Pasi."

Sikumwagiza Mama Pasi. Yeye naye anavuka barabara mara sita kwa siku kwenda kwa Mama Pasi, na hajawahi kumuuliza. Na mwandiko wake Tayari, mlio mjini mnaujua, ni mzuri kuliko wa karani yeyote wa baraza. Karatasi anazo, kalamu ipo mfukoni mwa koti. Mwezi uliopita hakuuliza kabisa. Jana alikuja na nyundo na misumari minne, akasimama katikati ya sebule yangu akipima kwa macho.

"Unatafuta nini?" nikamuuliza.

"Hii picha ya kaka ikihamia ule ukuta, kitanda kinaingia hapa vizuri."

"Usiniharibie ukuta."

"Nishikie msumari, shemeji. Hapo. Rudi nyuma hatua moja."